Habari za Shimo la Heshima na Mkungu Uliokataa Kufa

Njooni, enyi wenye masikio mawili na hata mwenye moja! Mlio mbali sogeeni, mlio karibu zimeni simu, maana hili si jambo la kusikilizwa kwa sikio la kulia huku la kushoto likingoja ujumbe wa mapenzi. Nitasimulia vita. Nitasimulia ngome iliyozingirwa, mawaziri waliopotoka, jua lisilo na huruma, na mwanamke mmoja aliyesimama mbele ya jembe lililoinuliwa. Ewe Kumbukumbu, mlezi wa waandishi na kimbilio la wasio na ushahidi, nishike mkono uniongoze. Na pale utakapopungukiwa, niruhusu nitie chumvi kidogo, kwa kuwa chungu hiki kitalisha watu wengi.

Mimi ninayesimulia ni mwalimu wa historia katika chuo ambamo haya yote yalitokea. Nimefundisha vita vya watu wengine mpaka koo likakauka. Falme zimeinuka na kuanguka ubaoni pangu kabla ya kengele ya chai, na wanafunzi wakaniuliza kama zitakuja kwenye mtihani. Lakini katika maisha yangu yote sijapata kuona vita kwa macho yangu mwenyewe, isipokuwa hivi. Kwa hiyo msinilaumu nikivikumbatia kwa mikono miwili.

Shujaa wetu alikuwa mkutubi wa chuo. Wanafunzi walimwita Bi Shii, kwa sababu hilo ndilo neno pekee ambalo wengi wao waliwahi kulisikia kinywani mwake. Mimi, kwa heshima ya habari hizi, ningependa kumwita Malkia wa Rafu, Mlinzi wa Vitabu Visivyosomwa, Mwenye Miwani ya Mnyororo, ambaye hatua zake hazikusikika na ambaye jicho lake lilimfikia mla karanga hata akiwa amejificha nyuma ya kabati la kamusi. Alikuwa amenong'ona kwa miaka mingi kiasi kwamba sauti yake ya kawaida ilimhama. Sokoni alinong'ona bei, wauzaji wakadhani anataka kuwaambia siri. Kwenye simu watu walimkatia wakilaumu mtandao.

Adui yake wa kwanza alikuwa Jua. Meza yake ilikuwa imejengwa kwa saruji, ikashikana na ukuta chini ya dirisha la magharibi, na fundi aliyeijenga bila shaka hakuwa mtu wa kukaa pale. Kila alasiri Jua, mfalme dhalimu asiyejua mapatano, lilipanga majeshi yake nje ya dirisha lile, likavunja kioo bila kukivunja, likamshukia mama yule upande wa kushoto wa uso. Alijikinga kwa silaha alizokuwa nazo: magazeti ya zamani, maboksi yaliyoletewa vitabu, na siku moja ramani ya dunia, ambayo ilipauka mpaka bahari zote zikawa rangi ya uji. Baada ya miaka shavu lake la kushoto likawa jeusi kuliko la kulia. Mumewe, dereva mstaafu wa basi la safari ndefu, mtu ambaye mzaha haumwishi mdomoni, alizoea kusema kwamba yeye alioa mke mmoja akapata wawili, na akigombana na wa kushoto huhamia upande wa kulia.

Lakini jioni, mkewe aliporudi na kichwa kinampasuka, akajilaza na kitambaa cha maji machoni, mumewe hakufanya mzaha. Alipunguza sauti ya redio, akaosha vyombo mwenyewe.

Msidhani kwamba shujaa huyu hakuomba msaada wa serikali yake. Aliomba pazia; akaambiwa linakuja. Aliomba feni; akaambiwa kwamba chuo kimeazimia kupunguza matumizi ya umeme kwa ajili ya mazingira, na maneno hayo mazito aliambiwa ndani ya ofisi ya Mkuu wa Chuo, ambamo viyoyozi viwili vilikuwa vikivuma uso kwa uso. Alitoka mle akipiga chafya.

Sasa tegeni masikio, maana tunafika kwenye uwanja wenyewe wa mapambano. Nje ya dirisha lile la magharibi, hatua chache kutoka ukutani, lilikuwapo Shimo la Heshima. Asili yake ni hii. Zamani, mgeni rasmi wa kwanza wa Wiki ya Mazingira alipanda mti mahali pale, na chuo, kwa furaha, kikalizungushia shimo lake duara la saruji, kikasimamisha kibao cha kuandikia jina la mpandaji, kikatandaza vigae vya kuwekea hema na viti, kikavuta hata umeme wa vipaza sauti. Lilikuwa shimo lililokamilika. Lilikuwa zuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kupanda mti mahali pengine.

Basi kila mwaka mgeni rasmi alikuja, akashika koleo, akapanda mti, akapigiwa makofi, akapigwa picha, akanywa soda, akaenda zake. Mti ukaachiwa Mungu. Bomba la nje lilikuwa limefungwa kufuli ili maji yasipotee, kwa ajili ya mazingira, na ulipofika mwaka mwingine palikuwa na kijiti kikavu, kikang'olewa kwa vidole viwili, jina kwenye kibao likafutwa, na Shimo likawa tayari kumpokea mgeni mpya. Kwa hesabu za Kamati ya Mazingira, chuo kilikuwa kimepanda msitu. Kwa hesabu za macho, kilikuwa na shimo.

Ndivyo mambo yalivyokwenda hadi mwaka wa mkungu, si ule wa ndizi, bali mti wa kivuli uzaao kungu. Ulipandwa kama wenzake, ukasahauliwa kama wenzake, na ungekufa kama wenzake, lakini mwaka uliofuata mgeni rasmi aliumwa tumbo na sherehe ikaahirishwa. Alasiri moja, katika msimu huo wa amani, Bi Shii aliondoa boksi dirishani ili aweke jingine jipya, akatupa macho nje, akaona kwenye kile kijiti jani. Moja tu, la kijani, dogo kama sikio la mtoto. Akasimama na boksi mkononi. Yeye ni msomaji, na msomaji huona mbele: aliliona jani lile likiwa majani, majani yakiwa tawi, tawi likiwa ukuta kati yake na dhalimu. Akalirudisha boksi taratibu.

Kuanzia kesho yake alikwenda kazini na dumu. Ndani ya dumu yalikuwamo maji ya kuoshea mchele, ambayo mumewe aliamriwa asiyamwage tena.

"Mama Watoto," mume alimwambia asubuhi ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, "unakwenda maktaba au unakwenda kuuza mafuta ya taa?"

"Nina mgonjwa," alinong'ona.

Alimhudumia mgonjwa wake masika na kiangazi. Hata likizo, chuo kikiwa kitupu na milango imefungwa, alifika na dumu lake, mlinzi wa geti akamfungulia bila kuuliza, maana aliogopa jibu. Na mkungu, ambao ni mti usiojua kudai, ulikula maji ya mchele ukanenepa. Ukafika chini ya dirisha, ukachungulia ndani, ukafika katikati ya kioo. Majani yake yalitanuka, mapana, kila moja likitosha kufunika kiganja cha mtu mzima na kubaki. Na siku zile ninazosimulia, alasiri kivuli chake kilikuwa kimeshaingia ndani, kikapanda ukuta, kikafika kwenye ukingo wa meza ya saruji. Hapo kikasita. Msimu mmoja zaidi wa kukua, na kingevuka. Bi Shii alikuwa akikitazama kila siku, na naweza kusema wazi kwamba alikipenda.

Ndipo tarumbeta ya vita ilipolia.

Mkuu wa Chuo, Mfalme wa Vikao, Mwenye Suti Tatu, aliwakusanya wakubwa wa chuo, nami nikiwamo, akasimama mbele yetu chini ya upepo wa viyoyozi.

"Ndugu wajumbe!" alianza, na sauti yake ilitetemesha glasi. "Vizazi vitatuuliza tulikuwa wapi siku hii, nasi tutajibu: tulikuwa kikaoni! Wiki ya Mazingira imewadia. Mgeni rasmi atakuja, atapanda mti, na kwa mkono wake mwenyewe atatukabidhi Cheti cha Chuo Rafiki wa Mazingira. Nauliza: tuko tayari?"

Tukasema tuko tayari. Kisha akainuka Katibu wa Kamati ya Mazingira, mhadhiri tuliyempa jina la Tai ya Kijani kwa sababu hakuwahi kuvaa nyingine, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna changamoto. Nimekagua Shimo leo. Limejaa."

"Limejaa nini?"

"Mti."

Mkuu alivua miwani.

"Mti gani?"

"Ule wa mwaka juzi, Mheshimiwa. Haukufa."

"Nani aliruhusu?"

Nikaona Bi Shii, aliyekaa pembeni yangu karibu na mlango, ameshika mkoba wake kwa nguvu. Nami, kwa kuwa tumbo lilikuwa linaunguruma na kikao kimegusa saa ya chakula, nikatoa wazo kwamba lichimbwe shimo jingine. Jamani, ningetukana ningesamehewa mapema zaidi.

"Shimo jingine!" alisema Tai ya Kijani, akaweka mkono kifuani. "Mwalimu, wewe ni mtu wa historia, na hapa unataka kuizika! Na vigae je? Na umeme wa vipaza sauti? Na kibao? Zaidi ya yote, picha! Nembo ya chuo imechorwa kwenye ukuta ulio nyuma ya Shimo lile. Ukihamisha shimo, umehamisha nembo. Je, tupige picha na vyoo nyuma yetu?"

Wajumbe wakaguna kwa uchungu. Na hivyo ikapitishwa, kwa kauli moja ukiacha tumbo langu, kwamba ili kuendeleza upandaji miti chuoni, mkungu ung'olewe asubuhi ya sherehe.

Ndipo Bi Shii aliponyoosha mkono. Akasimama, akasema. Midomo yake ilikwenda, mnyororo wa miwani ukatikisika, na viyoyozi viwili vikayachukua maneno yake vikayapeleka nje. Mkuu wa Chuo alimsikiliza kwa upole mkubwa, akitikisa kichwa, na alipoona midomo imetulia akasema, "Tumekusikia, Bibi. Hoja yako imezingatiwa." Bi Shii akakaa. Mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa karibu, nilisikia alichosema. Alisema, "Hilo ndilo pazia langu."

Yaliyofuata jioni ile nyumbani kwake niliyapata baadaye kwa mumewe, ambaye hutia chumvi kuliko mimi, lakini nayaandika kama alivyonipa.

"Baba Watoto, wanaung'oa."

"Wanang'oa nini? Sema kwa sauti, redio inaongea."

"Mti."

Mzee akazima redio kabisa, jambo ambalo halijafanyika tangu astaafu.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wamenisikia."

"Basi hawakusikia." Akasogeza kiti mbele yake. "Sikiliza, Mama Watoto. Mimi nimeendesha basi maisha yangu yote. Ng'ombe akilala barabarani, humnong'onezi. Humwandikii. Unapiga honi."

"Sina honi."

"Unayo! Ulipojifungua yule wa kwanza hospitali nzima ilijua. Nilikuwa nimekaa kule nje kwenye benchi, watu wakanipa pole. Njoo jikoni."

Na pale jikoni, kati ya jiko na kabati la vyombo, shujaa wetu alinolewa kama mashujaa wote wanavyonolewa na walimu wao wa siri. Mzee alisimama mbele ya sinki, akainamisha kichwa, akawa ng'ombe.

"Niko barabarani. Nimelala. Piga!"

"Jamani..."

"Ng'ombe amegeukia upande wa pili, anaendelea kulala. Tena!"

"Jamani, ondokeni."

"Huyu ng'ombe sasa anakoroma. Mama Watoto, wanaung'oa mti wako! Lile dumu umelibeba bure! Piga!"

Kilichotoka hapo mzee hakuweza kunielezea vizuri. Alisema tu kwamba mfuniko wa sufuria ulianguka wenyewe. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, jirani akaingia na mwiko mkononi.

"Dada, anakupiga?"

"Hapana," Bi Shii alinong'ona, jasho linamtoka. "Ananifundisha."

Jirani alimtazama mzee juu mpaka chini, akaondoka na mwiko wake bila kuridhika.

Asubuhi ya sherehe ikapambazuka. Nitawezaje kuyahesabu majeshi yale? Hema liliinuliwa juu ya vigae. Viti vya plastiki vikapangwa safu kwa safu, na juu ya kila kiti chupa ya plastiki ya maji, na juu ya ukuta bango refu la plastiki lililoandikwa TUKATAE PLASTIKI. Umeme ulikatika mapema, kama ilivyo desturi yake ikisikia sherehe, basi jenereta likawashwa, likatoa moshi mweusi juu ya vichwa vya kwaya iliyokuwa ikijaribu sauti katika wimbo wa kuisifu hewa safi.

Mtunza bustani akaja na jembe begani, kama alivyoagizwa. Akamkuta Bi Shii amekaa kwenye kiti cha chumba cha kusomea, mgongo ameegemeza kwenye mkungu, dumu miguuni, kitabu mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimetumwa."

"Najua."

Mtunza bustani akawaza. "Basi nikusubiri umalize kusoma?"

"Ukurasa huu ni mrefu," alinong'ona.

Akaweka jembe chini, akakaa kwenye mpini wake, wakasubiri pamoja. Nyuma ya hema, kati ya masanduku ya soda, nilimwona mzee wa basi amevaa kofia yake ya zamani ya kazi. Alinipungia mkono kana kwamba tuko stendi.

Ndipo akafika Tai ya Kijani, akiwa amebeba mche mpya ndani ya kiriba, ameukumbatia kama mrithi wa kiti cha enzi. Alipoona hali ile alisimama, akapanua miguu, akanguruma:

"Bibi Mkutubi! Unafanya nini? Unasimama kati ya taasisi na maendeleo yake!"

"Nimekaa," alinong'ona Bi Shii.

"Umekaa kati ya taasisi na maendeleo yake! Je, kwa ajili ya mti mmoja tuzuie upandaji wa miti? Je, tuukose urafiki na mazingira kwa sababu ya huu... huu mmea? Fikiria picha, Bibi! Fikiria cheti! Inuka, nakusihi, inuka kwa hiari, ili historia isije ikakuandika vibaya!"

Aliposema historia alinitazama mimi. Nikajitia kufunga kamba ya kiatu, ingawa nilikuwa nimevaa makubazi.

Na hapo likatokea jambo ambalo kumbukumbu za nchi yoyote haziwezi kutoa mfano wake: mgeni rasmi aliwahi. Magari yakaingia getini wakati kwaya bado inabishana ianze na wimbo upi. Mkuu wa Chuo alikimbia katika suti yake ya tatu, ile nzuri, akampokea, akamleta moja kwa moja kwenye Shimo huku akicheka bila sababu, na alipofika akaukuta mkungu umesimama, mkubwa, umejaa majani, na mbele yake mwanamke ameketi. Kicheko kikamgandia usoni. Akamgeukia mtunza bustani, akasema kati ya meno, "Ng'oa. Sasa hivi."

Mtunza bustani akasimama. Akainua jembe polepole, akitumaini kwamba mtu atamwambia alishushe.

Bi Shii akaweka kitabu chini. Akasimama mbele ya shina, akafungua kinywa. Na enyi wasikilizaji, hakikutoka kitu. Miaka yote ile ya kunyamazisha wengine ilimkaba koo. "Acheni," alisema, na aliyemsikia ni mimi na majani. Nilimwona akijaribu tena, na macho yake yakalengwa na machozi. Jembe lilikuwa limefika juu kabisa. Nasema kweli, niliona alasiri zote zitakazokuja, na magazeti yale, na maboksi yale, na kitambaa cha maji.

Ndipo kutoka nyuma ya hema, kati ya masanduku ya soda, ikapaa sauti ya basi la safari ndefu likishuka mlima.

"Piiiiii! Pii-piiiiiii!"

Mzee alikuwa ameweka mikono mdomoni, mishipa ya shingo imemtoka, kofia imeanguka.

Na Bi Shii, mbele ya shina, akaipata honi yake: "ACHAAAAA!"

Sikujua kwamba binadamu anaweza. Ndege waliokuwa juu ya paa la maktaba waliondoka wote na hawakurudi mpaka jioni. Mwimbaji mmoja wa kwaya akakaa chini. Walinzi wa mgeni rasmi wakatia mikono ndani ya makoti. Jembe likaanguka nyuma ya mgongo wa mtunza bustani, naye akafunga macho kwa shukrani. Hata jenereta lilikohoa, likazima, na katika kimya kile kikuu Bi Shii aliinama, akachukua dumu lake, akamwendea mgeni rasmi ambaye alikuwa amesimama mkono umenyooshwa, akingoja koleo.

Akamtia dumu mkononi.

"Mwagilia, baba," akasema. Na sauti ilikuwa ile ile, maana ikishafunguka haijui kujifunga haraka.

Sasa, mgeni rasmi alikuwa mtu aliyelelewa na sherehe. Kwa miaka mingi ametiwa vitu mkononi: mkasi akakata utepe, koleo akachimba, kipaza sauti akahutubia. Hakuwa na mazoea ya kuuliza. Akalitazama dumu, akautazama mti, akaliinamisha dumu. Maji meupe ya mchele yakaingia kwenye Shimo la Heshima. Wapiga picha, waliokuwa wameduwaa, wakazinduka, kamera zikalia, na watu, ambao wamezoea kupiga makofi kamera zikilia, wakapiga makofi.

Mgeni rasmi akainua macho, akayafuata majani kutoka chini hadi katikati ya dirisha.

"Huu mti nimeupanda mimi? Sasa hivi?"

Tai ya Kijani alikuwa ameuficha mche wake nyuma ya mgongo. "Naam, Mheshimiwa."

"Mbona umeshafika dirishani?"

Nilimwona Tai ya Kijani akitafuta jibu, na jasho likimshuka mpaka kwenye tai. "Ni... ni mbinu za kisasa, Mheshimiwa. Utafiti wetu."

Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Vyuo vingine vije vijifunze hapa," akasema, akakabidhi cheti.

Hivyo ndivyo vita vilivyokwisha, na kama kawaida ya vita, nyara ziligawanywa na waliokuwa nyuma. Mkuu wa Chuo alitundika cheti ukutani kati ya viyoyozi viwili. Tai ya Kijani alialikwa kwenye makongamano kueleza mbinu zake, na bado anazunguka huko, akisema kwamba matokeo kamili hayajawa tayari kutolewa. Jina la mgeni rasmi likaandikwa kwenye kibao. Ule mche wa kwenye kiriba mtunza bustani aliupanda nyuma ya vyoo, bila hotuba, na nasikia unaendelea vizuri. Mzee wa basi alipoteza sauti, akawa ananong'ona nyumbani, na mkewe akawa analalamika kwamba hamsikii.

Na shujaa mwenyewe? Aliitwa ofisini akapewa onyo kwa kosa la kupiga kelele katika eneo la maktaba, kinyume cha tangazo la KIMYA lililobandikwa mlangoni. Tangazo lile aliliandika yeye mwenyewe, kwa wino mwekundu. Nilikasirika kwa niaba yake, nikamwambia akate rufaa.

"Hapana," alinong'ona. "Kelele ni kelele."

Masika yakaja, yakapita. Alasiri moja nilikuwa maktaba, mahali pangu pa kawaida, nimefungua kitabu cha falme zilizoanguka na kope zangu nazo zikianguka, nilipoona kwamba dirisha la magharibi halina boksi wala gazeti. Jua lilikuwa limefika nje, limejipanga kama siku zote. Likashuka, likasukuma, likayakuta majani ya mkungu yamesimama bega kwa bega kwenye kioo chote. Na kivuli, kilichokuwa kimesita muda mrefu vile kwenye ukingo wa meza, kikavuka. Kilipita juu ya muhuri wa tarehe. Kikapita juu ya kalamu. Kikafika kwenye mkono wa Bi Shii, kikapanda kwenye mkono wa gauni, kikafika begani, na mwishowe, taratibu, kikamfunika shavu la kushoto.

Alivua miwani. Akafumba macho, akaegemea nyuma kwenye kiti chake, na uso wake ukalegea wote, kulia na kushoto, ukawa uso mmoja.

Niliona kwamba siwezi kuiacha saa kama ile ipite bila shahidi. Mimi ni mwalimu wa historia. Kama si mimi, nani? Nikasimama, nikasukuma kiti nyuma, nikainua mkono, nikajaza kifua pumzi ili nitangaze mbele ya rafu zote na wasomaji wote waliolala kwamba leo, katika chuo hiki, dhalimu ameshindwa, ngome imesimama, na jina la mwanamke huyu litatajwa mpaka vitabu vyote...

Bila kufumbua macho, aliinua kidole akakiweka midomoni.

"Shii," akasema.

Nikakaa.